Inchi Moja ya Mama Futi

Mama mkwe wangu ana jina lake halali kwenye kitambulisho, lakini ukifika mtaani kwetu na kulitaja utazunguka mpaka soli ziishe. Muulizie Mama Futi. Hata watoto wa chekechea watakuonyesha mlango wa bluu uliobabuka rangi, na ndani utamkuta ameinamia cherehani, futi ikining'inia shingoni. Hiyo futi ni ule utepe wa kupimia wa mafundi nguo, wenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Haivui hata wakati wa kula. Mume wangu husema alipokuwa mdogo alidhani mama wote huzaliwa nayo.

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna nguo iliyorudi dukani kwake kwa kosa la kipimo. Zimerudi kwa sababu mteja kanenepa, kakonda, kaachwa na mchumba, kabadilisha mawazo kuhusu rangi. Kwa kipimo, hapana. Jambo hilo analitaja kila siku, na siku akisahau nalitaja mimi ili kumfurahisha. "Mteja atakudanganya kuhusu kiuno chake, mwanangu," huniambia. "Futi haina aibu ya aina hiyo."

Mimi kazi yangu dukani ni vifungo, mapindo na pasi. Cherehani ya pili naruhusiwa kuigusa. Mkasi mkubwa siruhusiwi, na nimeshazoea. Mume wangu ni fundi umeme kwenye miradi ya barabara, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi akiwa na vumbi mpaka kwenye masikio, kwa hiyo mtu ninayeishi naye hasa ni mama yake. Watu hunionea huruma nikiwaambia hivyo. Wasinionee. Ana kelele, ana kiburi, anataka chumvi ipimwe kwa kijiko na si kwa mkono, lakini hajawahi kunilaza na jambo moyoni. Akikasirika anasema, akimaliza anacheka.

Isipokuwa jambo moja. Mume wangu si mtoto wake wa kwanza. Kabla yake kulikuwa na wa kike, aliyebebwa miezi minane na kuzaliwa bila kulia. Mama aliniambia hayo mara moja tu, siku niliyompa habari kuwa nina mimba. Alisema kwa maneno machache, kisha akachukua suruali ya mteja akaipiga pasi, akaigeuza, akaipiga pasi tena, na tena, mpaka nikaogopa itaungua. Hatukulizungumza jambo hilo tena.

Miezi ya mwanzo nilihudhuria kliniki kama mwanafunzi bora. Nilitolewa damu wakapima kundi langu, wingi wa damu, virusi, kaswende, yote. Nilimeza vidonge vya kuongeza damu vilivyonifanya nichukie hata harufu ya kopo lake. Mama alinisindikiza mara moja, akakaa kwenye lile benchi refu la ukutani ambapo unasogea makalio kidogo kidogo mpaka uufikie mzani, kisha mashine ya presha, kisha dirisha la vikopo vya mkojo, kisha kitanda kilicho nyuma ya pazia la kijani. Nyuma ya pazia hilo nesi alinipima tumbo kwa futi ya karatasi, kutoka chini kwenye mfupa mpaka juu mji wa mimba unapoishia, akaandika namba kwenye kadi, kisha akaikunja ile futi na kuitupa kwenye ndoo.

Mama alitoka pale akiwa kama aliyeona wizi. "Wanatupa futi!" alisema njia nzima. "Futi nzima, imepima tumbo moja! Mimi yangu ina miaka tisa na bado inafanya kazi." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Laiti tungemuuliza nesi kwa nini anaitupa.

Nilipotimiza wiki thelathini nilikwenda peke yangu. Nesi alipima tumbo mara ya kwanza, akapima tena. Nesi huyo ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, wajawazito tunamwita Bibi Mizani kwa sababu haruhusu hata uvae sandali ukipanda mzani wake. Safari hii hakunigombeza kwa lolote, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sentimita ishirini na saba," alisema. "Kwa wiki zako nilitegemea ikaribie thelathini. Huenda ni mtoto mwenye umbo dogo tu. Huenda chakula hakimfikii vizuri kupitia kondo la nyuma. Siwezi kujua kwa kukutazama usoni. Na presha yako imeanza kunyanyuka." Alizungusha tarehe kwenye kadi kwa wino mwekundu. "Wiki mbili, urudi. Si tatu. Tutapima tena na nitakuandikia kipimo cha picha. Kichwa kikiuma, ukiona nyota mbele ya macho, au mtoto akipunguza kucheza, usiingoje tarehe. Umenielewa?"

Nilimwambia nimeelewa. Nilielewa vizuri sana, ndiyo sababu kabla ya kufika getini nilikaa juu ya tofali.

Nilipofika dukani mama aliuliza bila kunyanyua mguu kwenye pedali, "Wamesemaje?"

"Wamesema tuko salama," nikajibu.

Nimeufikiria uongo huo mara nyingi. Ningependa kusema nilimhurumia, kwamba nilimwona yule mtoto asiyelia amesimama kati yetu nikashindwa. Ni kweli, lakini nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa. Nilihisi nikilitamka lile neno la nesi kwa sauti, mule ndani, kati ya nguo za watu, litakuwa limekwisha kuwa kweli. Nikaisukuma kadi chini kabisa ya mkoba nikamwomba mama anishonee gauni pana. Alifurahi, akasimama papo hapo, akanizungushia futi tumboni.

"Thelathini na sita," alisema, akaandika kwenye daftari lake la vipimo. "Na nitakuongezea inchi nne za huyo bwana mdogo au bibi mdogo, mpaka atoke."

Wiki mbili zilizofuata nilikaa roho juu. Nilikuwa nikijitazama tumbo kwenye kila kioo, kwenye vioo vya magari yaliyoegeshwa, kwenye sufuria. Pete ya ndoa ilianza kukwama kidoleni, nikaitoa kwa sabuni na kujiambia ni joto. Kichwa kiliniuma mchana, nikasema ni mvuke wa pasi. Siku moja nikiwa natia uzi kwenye sindano niliona vinyota vidogo vikitembea juu ya kitambaa cheupe, nikafumba macho mpaka vikaondoka, nikaendelea na kifungo changu. Nesi aliniambia kabisa, kwa lugha ninayoielewa, na mimi nilijitia hamnazo.

Katika siku hizo hizo futi ya mama ilianza kuchanika pembeni, karibu na namba tatu. Muuza vitambaa alimletea nyingine mpya, ya njano, inayong'aa. Mama aliipokea kwa shingo upande. Ile ya zamani hakuitupa, aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango kama mtu aliyestaafishwa kwa heshima.

Kesho yake ndiyo ilikuwa tarehe yangu yenye wino mwekundu. Asubuhi ile nilivaa, nikabeba mkoba, nikafika hadi mlangoni, nikashindwa kuvuka kizingiti. Nilirudi nikasimama mbele ya mama.

"Nipime," nikamwambia. "Nataka kuona kama tumbo limekua."

Aliniangalia kitambo. Kisha akaizungusha futi ya njano, akaiweka sawa mgongoni, akasogeza kichwa nyuma ili aone vizuri.

"Thelathini na saba," alisema. Akafungua daftari, akaona ile thelathini na sita, na uso wake wote ukafunguka. "Inchi nzima! Wiki mbili, inchi nzima! Huyu anakula mpaka chakula changu mimi!"

Nililia kwa furaha. Yeye pia macho yalimlengalenga, akajifanya ni vumbi la kitambaa. Nikavua viatu, nikarudisha mkoba kwenye ndoano yake, na badala ya kwenda kliniki nikapiga pasi mashati kumi na mawili ya wahudumu wa hoteli. Futi ya Mama Futi imesema. Bibi Mizani na karatasi zake wangesubiri.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, mwalimu alirudisha sketi.

Huyu ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo nyuma yetu, mteja wa miaka mingi, mpole kiasi kwamba akikanyagwa yeye ndiye huomba radhi. Alisimama katikati ya duka akiwa ameivaa, blauzi ameiteremsha kuficha zipu isiyofungika.

"Mama, samahani sana," alisema. "Inanibana."

"Umenenepa, mwalimu."

"Sijanenepa, mama. Hata lile gauni ulilonishonea mwaka jana linanikaa vizuri."

Mama aliguna. Akaivuta futi ya njano shingoni, akampima kiuno. Thelathini na tatu. Akafungua daftari. Thelathini na mbili. "Si unaona? Umenenepa inchi moja katika wiki tatu. Hongera." Mwalimu alitaka kuomba radhi, lakini mama alikuwa ameshatulia ghafla. Nilimwona anatazama daftari, anatazama futi, anatazama mlango. Akaenda kwenye msumari, akaishusha futi ya zamani, akarudi kumpima mwalimu kwa ile.

Thelathini na mbili.

Mama alizilaza futi zote mbili juu ya meza ya kukatia, ubavu kwa ubavu, akalinganisha vichwa vyake vya chuma, akazinyoosha kwa viganja. Mwanzoni namba zilikwenda pamoja. Kufika kumi na tano ya zamani ilikuwa imeanza kuipita ya mpya. Kufika ishirini na tano hata kipofu angeona.

"Imevutika," alisema polepole. "Miaka tisa naivuta, imevutika. Nampima mtu kwa futi ndefu, nakata kitambaa kwa futi hiyo hiyo ndefu, nguo inamkaa. Nisingejua hata siku moja." Alimgeukia mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimsikia akimwambia mteja, "Nisamehe. Wewe nilikupima kwa ya zamani, kitambaa nikakikata kwa mpya."

Mwalimu alisema si neno. Mimi nilikuwa natabasamu. Naona haya kulikumbuka tabasamu hilo, lakini nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyomsimulia mume wangu kwenye simu. Kisha nikaona macho ya mama yanasogea juu ya meza, taratibu, mpaka kwenye thelathini na sita ya futi ya zamani. Ilikuwa imelala sawasawa kwenye thelathini na saba ya ile ya njano.

Akanyanyua uso, akanitazama tumbo.

Nilielewa. Inchi yangu moja, ile niliyoililia kwa furaha, ilikuwa pale mezani, kati ya tepe mbili. Haikuwa ya mtoto.

"Njoo," alisema. Alinizungushia futi ya njano. Thelathini na saba. Akapima tena. Thelathini na saba. Mara ya tatu hakusema namba. "Vaa viatu," alisema.

"Mama, kadi iko..."

"Vaa viatu!"

Tuliondoka tukiacha cherehani na shati chini ya sindano yake. Mwalimu alituita kwa nyuma, "Nendeni, duka nitalikalia mimi," na ndivyo alivyofanya, na zipu yake wazi, mpaka jioni.

Kutoka kwetu hadi kliniki ni mwendo wa dakika ishirini. Niliweka kiganja upande wa kushoto wa tumbo, pale alipokuwa akipenda kupiga, na nikawa nahesabu hatua huku nikimwomba acheze. Alicheza lini mara ya mwisho? Asubuhi? Au ilikuwa jana, nikiwa nimelala? Nilikuwa nikijibu hivi nikiwa na hakika, hatua kumi mbele hakika inayeyuka. Mama alinishika mkono kwa nguvu kama mtu anayevusha mtoto barabara, na njia nzima hakusema neno. Huyo ni mtu anayezungumza hata na cherehani.

Benchi lilikuwa limejaa. Mama hakukaa. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye pazia la kijani, akalifungua. Bibi Mizani aligeuka tayari kumfukuza, akaniona uso, akanionyesha kitanda. Alinipima presha, akaifungua mashine, akaipima tena kwenye mkono wa pili. Alichovya kijiti kwenye mkojo wangu na sote watatu tukakitazama kikibadilika rangi. Kisha akaomba kadi.

"Tarehe yako ilikuwa Jumamosi," alisema. "Nilikwambia wiki mbili. Nilikwambia mtoto ni mdogo na presha inapanda. Ulikuwa wapi?"

Sasa siri imetoka, nikawaza. Sikuthubutu kumtazama mama. Nilikuwa nikisubiri sauti yake ipasue dari.

"Ni kosa langu, nesi," mama alisema. "Nilimpima mimi nyumbani. Futi yangu ilivutika."

"Namuuliza yeye, mama."

"Niulize mimi. Nilimwambia mtoto amekua."

Nesi alitutazama kwa zamu, akaacha kuuliza. Alichukua futi ya karatasi, akanipima. "Ishirini na saba na nusu," alisema, na kabla ya kuitupa ile karatasi alimgeukia mama, si kwa ukali. "Ndiyo maana tunazitupa. Zikivutwa vutwa zinarefuka, halafu zinatuambia tunachotaka kusikia."

Kisha akachukua kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, akanipaka mafuta baridi, akakigandamiza kushoto. Kikatoa sauti ya upepo. Akakisogeza chini. Upepo. Akakisogeza kulia, akakandamiza zaidi, akainamisha kichwa. Nje ya pazia mwanamke mmoja alikuwa akicheka kuhusu viatu. Nilitamani kumpigia kelele anyamaze, kwamba humu ndani mtu anatafutwa. Mama alikuwa amegeukia ukuta, mikono ameiweka kichwani. Nilifumba macho nikasema kimoyomoyo, nitakuja kila tarehe, nitakuja kabla ya tarehe, nitalala hapa kwenye benchi, cheza tu.

Ikaja. Mbali, upesi upesi, kama cherehani ikishona kwenye chumba cha tatu. Nesi alihesabu akitazama saa yake ya kifuani, akashusha pumzi. "Yupo," alisema. "Sasa tumkimbize hospitali."

Hospitalini walinilaza kwenye kitanda kilichozungukwa na mashine, na daktari, kijana mwenye sauti ya chini, akanionyesha picha ambayo sikuielewa. Alinieleza kwa subira. Mtoto alikuwa na uzito wa mimba ya wiki kadhaa nyuma, damu ilikuwa inamfikia kwa shida, na maji yanayomzunguka yamepungua. Kinachomnyima chakula na kinachonipandisha presha ni ugonjwa mmoja. Ukiachwa unaweza kuniletea degedege, na tukaondoka sote wawili. Dawa yake hasa ni kuzaa, lakini kila siku atakayokaa ndani akiwa salama ni faida kwa mapafu yake. Kwa hiyo nitachomwa sindano za kuyakomaza, nitapewa vidonge vya presha, na nitakaa pale, nikipimwa asubuhi na jioni, mpaka ndani kuwe hatari kuliko nje.

"Tutajuaje?" niliuliza.

"Kwa vipimo," alisema. "Na kwa wewe. Hesabu anavyocheza. Mara kumi ndani ya saa mbili. Zikipungua, ita mtu hapo hapo."

Mama alikuja kesho yake na kikopo chenye vifungo kumi vya shati, vyeupe. Kila mtoto anapopiga nilikuwa nahamisha kifungo kutoka paja hili kwenda lile. Siku za kwanza vyote kumi vilihama kabla ya saa moja kwisha. Siku nyingine kifungo cha tisa kilihama na cha kumi kikabaki, dakika zinakwenda, na mama amekaa kwenye stuli amekitazama utadhani kinadaiwa kuota miguu. Sijawahi kuogopa kitu kidogo namna ile. Mpaka leo nikitia kifungo cheupe kwenye shati vidole vyangu hupoa.

Siku ya sita nilishindwa kuvumilia. Chakula cha mchana kilikuwa kimeshaondolewa, wagonjwa wengine wamesinzia. Kila nesi aliyeingia mama alikuwa anamsimulia habari ya futi yake, jinsi alivyodanganyika, jinsi alivyoniponza, na mimi nilikuwa nimelala pale nikimwacha aubebe mzigo wangu.

"Mama," nilisema, "acha kusema ni futi. Nilijua. Bibi Mizani aliniambia wazi, akazungusha tarehe. Nilikuficha. Nilikuomba unipime kwa sababu niliogopa kwenda."

Hakunyanyua macho. Alikuwa anashona kofia ndogo ya pamba, na sindano yake haikusimama.

"Kadi yako niliisoma," alisema.

"Hapa hospitali?"

"Siku ile ile uliyotoka kliniki. Ulienda kujisaidia, mkoba ukaanguka, kadi ikatoka. Wino mwekundu, nani asiuone? Nilisoma mpaka mwisho. Nikairudisha chini kabisa, kama ulivyoiweka."

Alikata uzi kwa meno, na ndipo nikaona mashavu yake yamelowa.

"Na wewe ukaniacha nisiende?"

"Nilikuwa naamka kila asubuhi nasema leo nitamwambia twende. Halafu nakuona unapiga pasi, nasema acha apige pasi leo tu." Aliifuta pua kwa kofia ile ile. "Yule wangu wa kwanza nilienda kupimwa, mwanangu. Nilikwenda kwa miguu yangu, mzima, na huko ndiko walikoniambia kuwa ameshafariki. Tangu siku hiyo mimi naogopa mlango ule kuliko kitu chochote. Niliogopa kuliko wewe. Ulipokuja ukasema nikupime, nilishukuru."

Ningeweza kukasirika. Nadhani nilikasirika, kwa kitambo, kwa haki kabisa. Lakini kifungo cha saba kilikuwa bado pajani na ndani kukawa kimya, nikamshika mkono nikauweka tumboni, na tukangoja pamoja mpaka alipopiga.

Siku ya kumi na moja vilihama vinne. Saa mbili zilikwisha, vinne. Sikungoja tarehe wala mtu. Niliita kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na mama akakimbia ukumbini akiwa peku. Walipima moyo wa mtoto, ukawa unashuka na kuchelewa kupanda. Daktari alitazama karatasi mara moja tu. Mume wangu, aliyekuwa amefika asubuhi ile kutoka kazini, alitia saini kwa mkono wenye grisi, na mimi nikasukumwa hadi chumba cha upasuaji.

Nayakumbuka mataa ya dari, moja baada ya moja. Nakumbuka kitambaa cha kijani mbele ya uso, ganzi iliyonipanda hadi kifuani, mikono ya watu ikifanya kazi kwenye mwili nisioweza kuuhisi. Nakumbuka mtu akisema "ametoka," kisha kimya. Nilihesabu. Sikuwa na vifungo, nilihesabu kwa meno. Nilifika kumi na tatu.

Akalia. Kidogo, sauti ya mlango unaohitaji mafuta, lakini alilia. Nyuma ya mlango wa chumba cha upasuaji nilisikia kishindo. Mume wangu aliniambia baadaye ni mama, amejibwaga sakafuni, na manesi wawili walishindwa kumnyanyua kwa sababu hakutaka kunyanyuliwa. Alitaka kusikiliza.

Alikuwa wa kike, kilo moja na gramu mia nne na hamsini. Alikaa wiki tano kwenye wodi ya watoto njiti, nikimbeba kifuani ngozi kwa ngozi, na kila asubuhi wakimweka kwenye mzani nilikuwa nafumba macho kabla sijaona namba. Siku nyingine aliongezeka gramu ishirini. Siku mbili alipungua, na siku hizo sikula. Mama naye hakukaa bure. Alifungua daftari lake la vipimo, akapiga mstari juu ya kila namba iliyotoka kwenye futi ya zamani, kurasa na kurasa, akaanza kuwaita wateja mmoja mmoja awapime upya. Wengine walimcheka. Aliwaacha wacheke. Wenye mimba hawapimi mpaka aione kadi yao ya kliniki, na tarehe ikiwa imepita anawafungia mlango wa bluu yeye mwenyewe na kuwasindikiza, ingawa akifika kwenye geti lile bado anatokwa na jasho.

Tulirudi nyumbani mtoto akiwa na kilo mbili. Kesho yake asubuhi mama alitoa kitambaa laini alichokiweka akiba, akasafisha meza ya kukatia, akanifanyia ishara nimlaze pale. Akaitoa futi ya njano shingoni. Alipoizungusha kwenye kile kifua chembamba aliishika kwa ncha za vidole, bila kuivuta, bila kuilegeza, kisha akageuza uso akatazama ukuta.

"Soma wewe," aliniambia.

"Mama, wewe ndiye fundi."

"Soma wewe. Soma kama ilivyo, hata ikiwa ndogo."

Niliinama nikasoma. Ilikuwa ndogo. Niliitamka kwa sauti, na mama akaiandika.